Mwenye Kodak alitua Mombasa, rangi zikamshinda

Mwaka jana nilimsaidia jirani yetu hapa Majengo kuuza madera kwa simu. Yeye ni mama wa makamo, mshonaji hodari, mtaa mzima unaujua mkono wake. Mimi nina simu ya kamera tatu na muda mwingi, maana chuo nilikiacha mwaka wa pili. Tukagawana kazi: yeye cherehani, mimi picha.

Dera la kwanza lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, lina utepe wa dhahabu shingoni. Nikalitundika ukumbini chini ya taa, nikasogeza simu karibu kabisa hadi nyuzi za utepe zikahesabika, nikapiga. Wallahi picha ilitoka moto! Mteja wa Nakuru akalipa siku ile ile. Siku ya nne dera likarudi kwa basi. Yeye alikuwa ameagiza dera jekundu la kuwaka, la kuvaa harusini. Kilichomfikia kilikuwa kitu cha giza ambacho hakukiona popote kwenye posti yangu.

Nilitaka kubisha. Kisha nikalipeleka dera mlangoni, juani, nikaiweka picha kando yake. Mteja alikuwa na haki. Nilikuwa nimeonyesha nguo moja na kuuza nyingine.

Nauli ya kwenda na kurudi ilimla yule mama faida ya wiki nzima. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa upole ule unaouma kuliko tusi, inakuwaje simu ya bei ghali vile haioni anachokiona yeye kwa macho ya bure. Sikuwa na jibu.

Nikaanza kulitafuta, na katika kutafuta nikakutana na mzee mmoja wa Kimarekani aliyekufa 1932. Jina lake George Eastman, mwenye Kodak. Kama kwenu kuna albamu ya picha za harusi ya nyanya, kuna uwezekano mkubwa jina la kampuni yake limepigwa chapa nyuma ya karatasi. Nilichokuwa sijui ni kwamba huyu mzee alipita hapa hapa Mombasa, na kwamba swali la jirani yangu lilimtoa jasho hata yeye.

Kaa nikupe stori yake.

Kijana wa dola 3 kwa wiki

Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai 1854 huko Waterville, mji mdogo katika jimbo la New York. Babake alikuwa na chuo cha biashara mjini Rochester, lakini akafariki 1862, George akiwa na miaka 7 tu. Mamake, Maria, akaanza kukodisha vyumba vya nyumba yao ili watoto wale. Dadake mmoja alikuwa na ulemavu wa polio, naye akafariki 1870.

Akiwa na miaka 14 hivi kijana akaacha shule. Akawa wa kutumwatumwa katika ofisi ya bima kwa dola 3 kwa wiki, na usiku akajifundisha hesabu za biashara nyumbani. Ilipofika 1874 alikuwa karani wa benki, dola 15 kwa wiki. Kwa mtoto wa mjane, hapo amefika.

Najua unachowaza, na la, sikushawishi uache shule. Mimi niliyeacha bado sijajua kama nilikosea au nilipatia. Nakwambia tu kwamba huyu hakuanza na maabara wala mtaji wa baba.

Mwaka 1877 alipanga safari ya kwenda Santo Domingo, katika visiwa vya Karibiani. Mwenzake kazini akamshauri abebe kamera. Akanunua vifaa, na safari ikamshinda, maana hebu ona mzigo wenyewe: kamera kubwa kama sanduku, miguu mitatu mizito ya kuisimamishia, hema la giza, chupa za dawa, beseni za kioo, na maji. Enzi hizo mpigapicha alipaka dawa kwenye kioo, akapiga kabla hakijakauka, akaosha hapo hapo. Leo unalalamika simu ikijaa.

Eastman hakwenda Santo Domingo. Badala yake akaingia jikoni kwa mamake. Alikuwa amesoma kwenye jarida la Uingereza kwamba dawa ikichanganywa na jelatini yaweza kukauka juu ya kioo na bado ikapokea mwanga. Mchana benki, usiku jiko. Usiku mwingine alilala sakafuni kando ya jiko. Mwaka 1879 alikwenda London kuiandikisha mashine yake ya kupakia dawa kwenye vioo. Januari 1881 akafungua kampuni na Henry Strong, aliyekuwa mpangaji kwa mamake, na Septemba mwaka huo akaaga benki.

Vioo vilivyokufa

Sasa fika hapa, maana hapa ndipo nilipomheshimu.

Mwaka 1882 vioo vyake vilianza kufa. Wauzaji waliovinunua wakapiga picha, hamna kitu. Kampuni changa, pesa kidogo, kijana wa miaka 27. Angeweza kusema makosa ni ya wateja, hawajui kutumia. Angeweza kuwablokia, kama tunavyofanya sisi.

Alivirudisha vioo vibovu na kuwapa watu vizuri, na zoezi hilo likakaribia kumaliza senti ya mwisho ya kampuni. Akafanya majaribio mamia, yakakataa. Mwishowe yeye na Strong wakavuka bahari hadi Uingereza, wakagundua kwamba kosa halikuwa kwenye fomula yao. Lilikuwa kwenye jelatini waliyoletewa. Akabadilisha jelatini, vioo vikafufuka. Tangu siku hiyo kila mzigo wa malighafi ulijaribiwa kwanza kabla ya kuingia kiwandani.

Mimi, kumbuka, nilitaka kubishana na mteja wa Nakuru.

Kamera ya kila mtu

Baada ya vioo likaja wazo la kukunja filamu kama uzi kwenye kibiringo. Mwaka 1888 ikatoka kamera iitwayo Kodak, neno alilolibuni mwenyewe kwa sababu aliipenda herufi K. Bei dola 25, na ndani tayari kuna filamu ya picha 100. Ukimaliza, unaituma kamera nzima Rochester, unalipa dola 10, wanakuoshea na kukujazia filamu mpya. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kisanduku cha dola 1 ambacho hata mtoto angeweza kukimudu.

Hakuwa malaika, nikwambie pia. Mchungaji mmoja wa Newark, Hannibal Goodwin, alikuwa ameomba hati ya ubunifu wa filamu ya plastiki mwaka 1887. Kesi ya filamu hiyo ilidumu miaka, na mwaka 1914 Kodak ikalipa dola milioni 5. Goodwin mwenyewe alikuwa ameshakufa tangu 1900. Pesa zikaenda kwa kampuni iliyonunua haki zake.

Lakini turudi kwenye dera. Zile kamera za bei nafuu zilikuwa na udhaifu mbili, na zote mbili unazo wewe mfukoni mwako.

Ya kwanza, hazikuona karibu. Lenzi yake ilikuwa imetulizwa kuona vitu vya mbali kidogo. Ukisogea kwenye ua au pete, ukungu. Kodak ikauza kioo kidogo cha kubandika mbele ya lenzi ili usogee zaidi. Vile vilenzi vya kubana kwenye simu wanavyouza watu leo ni wajukuu zake. Na tahadhari ni ile ile: kifaa cha kukusogeza karibu hakikuahidi rangi. Simu nyingi za bei ya chini zina kamera ya makro ya megapikseli 2, na rangi yake ni duni. Mimi sasa narudi nyuma hatua moja, natumia lenzi kuu au ile ya kuvuta, kisha nakata picha. Nikisogea sana, simu yenyewe hutia kivuli juu ya kitu, na shati langu hutia rangi yake. Jaribu uone: vaa fulana ya kijani, inamia pete ya fedha. Pete itakuwa ya kijani.

Ya pili ndiyo kubwa: filamu za mwanzo zilikuwa vipofu wa nyekundu. Dawa ya fedha iliyotumika ilipokea mwanga wa buluu, na nyekundu haikuigusa. Kwa hiyo anga ya buluu ilitoka nyeupe, na kitu chekundu kikatoka cheusi. Fikiria maana yake kwetu. Ukiona picha ya kale sana ya bibi wa Pwani amejifunga leso nyeusi tititi, usiape kwamba ilikuwa nyeusi. Huenda ilikuwa nyekundu kuliko zote siku hiyo, na filamu haikuiona.

Mzee anatua Pwani

Eastman alijua tatizo hilo na aliligharamia. Mwaka 1912 alimleta kutoka Uingereza mwanasayansi kijana, C. E. K. Mees, na ili ampate ilibidi aununue mzima kiwanda cha Wratten and Wainwright alikokuwa akifanya kazi. Hicho kilikuwa kiwanda cha vichujio vya rangi na vioo vilivyoona rangi zote. Mees akajenga maabara ya utafiti ya Kodak. Muda mfupi baadaye mtu wao, John Capstaff, akatengeneza picha za rangi kwa kutumia rangi mbili tu, nyekundu na kijani. Ngozi ya Mzungu ilipendeza. Buluu ya kweli, hamna.

Kufikia 1926 Eastman alikuwa tajiri mkubwa, hana mke, mama amefariki tangu 1907. Alikuwa ameshaanza kugawa mali yake, na hadi anakufa alitoa zaidi ya dola milioni 100: vyuo vikuu, hospitali, shule za Wamarekani Weusi za Tuskegee na Hampton, kliniki za meno za watoto. Chuo kimoja maarufu cha teknolojia kilipokea mamilioni yake kwa miaka bila umma kujua mtoaji ni nani, maana alijiita Bwana Smith.

Mwaka huo, akikaribia miaka 72, alikuja Kenya kuwinda. Alishuka melini hapa Mombasa, akapanda treni kwenda bara. Alibeba bunduki na kamera za sinema za kampuni yake. Porini alipenda kupika mwenyewe, na unga wake alikuwa ameupima kabla, umefungwa kwenye vifurushi. Huyo ndiye Eastman, hata mkate hakuubahatisha.

Safari hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la New York lilitaka kujenga ukumbi wa wanyama wa Afrika, kila kundi la wanyama limesimama mbele ya ukuta uliochorwa mandhari halisi: kilima kile, nyasi ile, anga ile. Msafara huo uliongozwa na Carl Akeley, na pesa zikatolewa na Eastman pamoja na rafiki yake Daniel Pomeroy.

Sasa nikuulize. Mwenye kampuni kubwa kabisa ya filamu duniani yuko kwenye msafara. Wanataka kubeba rangi za Kenya hadi New York bila kukosea. Watazibeba na nini?

Walizibeba kwa brashi. Wachoraji wawili, William Leigh na Arthur Jansson, waliletwa Kenya, wakakaa juani wakichanganya rangi za mafuta mbele ya kitu chenyewe. Picha za kamera zilipigwa, ndiyo, kwa ajili ya maumbo: jani limekaaje, jiwe lina ufa wapi. Lakini rangi ilipochukuliwa, ilichukuliwa na mtu aliyeinua macho, akatazama kilima, akatazama ubao wake, akatazama kilima tena. Filamu ya 1926 haikuweza kazi hiyo, na mwenye filamu alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Jibu la jirani yangu lilikuwa hapo: kamera haijawahi kuona rangi. Kamera hupokea mwanga, na binadamu ndiye huamua kama kilichotoka ni kweli, kwa kukilinganisha na kitu chenyewe. Leigh na Jansson walilinganisha. Mimi sikulinganisha.

Alikufa kabla hajaiona

Eastman hakukata tamaa. Tarehe 30 Julai 1928, nyumbani kwake Rochester, alialika wageni, akiwemo Thomas Edison, akawaonyesha Kodacolor, sinema ya rangi ya watu wa kawaida. Ilitaka jua kali, kichujio cha mistari mitatu mbele ya lenzi, na kichujio kingine wakati wa kuonyesha. Ilikuwa hatua, ila si ya kubeba mfukoni.

Kisha mwili ukamgeukia. Uti wa mgongo uliharibika, akawa anatembea kwa shida na maumivu hayaishi. Tarehe 14 Machi 1932, akiwa na miaka 77, alijitoa uhai nyumbani kwake. Sitaipamba sehemu hii. Mtu aliyetatua kila kitu kwa kupima na kujaribu alifika mahali akajiona yuko peke yake na maumivu yake. Kama uko mahali pa namna hiyo, mwambie mtu leo.

Miaka mitatu baadaye, 1935, Kodak ikatoa Kodachrome, filamu ya kwanza ya rangi iliyofanikiwa sana madukani. Ilibuniwa na wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky, waliokuwa wakichezea rangi tangu shuleni hadi Mees akawaajiri. Na ule ukumbi wa wanyama ukafunguliwa New York mwaka 1936. Anga za Kenya bado ziko pale ukutani, za brashi.

Nani aliamua rangi sahihi?

Kampuni iliendelea bila yeye, na hapa stori inatugusa ngozi.

Filamu ya rangi ilipofika madukani, waosha picha walihitaji kipimo cha kutuliza mashine zao. Kodak ikawapelekea kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Wafanyakazi wakaiita Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imetulia. Ngozi yako wewe haikuwa kwenye kadi. Ndiyo maana katika picha nyingi za rangi za zamani sura za watu weusi zimemezwa, zimebaki meno na macho.

Unajua miongoni mwa waliolalamika hadi kampuni ikasikia ni nani? Kwa maelezo ya watu waliofanya kazi Kodak, ni watengenezaji wa chokoleti na wauza fanicha za mbao. Picha zao za matangazo hazikutofautisha kahawia na kahawia. Filamu ikaboreshwa ili kabati lionekane, na sisi tukafaidika kwa nyuma ya kabati. Ukicheka, cheka. Mimi ilinichukua muda.

Usidhani mambo hayo yamekwisha. Mwaka 1976 mhandisi wa Kodak, Bryce Bayer, alipata hati ya ubunifu wa kigae cha vichujio vidogo sana: viwili vya kijani kwa kila kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Kigae hicho, au ndugu zake, kiko ndani ya takriban kila simu. Maana yake, kila nukta ya kamera yako huona rangi moja tu, na nyingine mbili simu inakisia kwa kutazama majirani. Ndiyo maana ukipiga kwa karibu leso yenye vidoa vidogo vilivyobanana, waweza kuona mawimbi ya rangi yasiyokuwepo. Simu imekisia vibaya.

Na inakisia mengine. Ikiona kitu cheusi-cheusi kimejaza picha, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Hapo ndipo damu ya mzee yangu ilipogeuka nyekundu ya kuwaka. Ikiona taa ya njano, inajaribu kuifuta njano, mara inafuta nyingi, mara kidogo. Kisha inakoleza rangi, kwa sababu watu hupenda picha iliyokolea. Simu imetengenezwa ipendeze. Haikuahidi kusema kweli.

Nilivyorudi kwa jirani

Nilimrudia yule mama na mambo machache, yote ya bei ndogo.

Kwanza, tuliacha taa ya ukumbini. Sasa twapiga mlangoni, kwenye kivuli chenye mwanga, asubuhi jua halijawa kali, mbali na ukuta wa rangi na turubai la kijani la jirani. Anayelazimika kutumia taa atazame boksi lake, kama pana herufi CRI au Ra. Namba ikiwa 90 kwenda juu, taa hiyo inaheshimu rangi. Taa nyingi za LED za bei rahisi zina upungufu wa mwanga mwekundu, na hapo ndipo rangi za damu ya mzee na kahawia hufia. Na taa ikiwaka, dirisha lifungwe pazia. Mianga miwili tofauti kwenye nguo moja ni ugomvi usio na msuluhishi.

Pili, kadi ya kijivu. Kodak yenyewe iliuza moja kwa miaka mingi, inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Siku hizi ziko za aina nyingi. Naiweka kando ya nguo katika picha ya kwanza, kisha kwenye programu ya kuhariri nabonyeza kadi na kuiambia simu kwamba hicho ni kijivu, jipange. Picha zote za mwanga ule zinafuata. Karatasi nyeupe ya kuchapia haifai sana, maana ina dawa ya kung'arisha inayoipa ubuluu.

Tatu, nafunga mwanga. Nagusa kioo cha simu na kushikilia hadi kifunge, kisha nateremsha mwanga kidogo kama nguo ni ya giza. Vichujio vya urembo, la. Na kioo chenyewe nimekitoa kwenye hali ya kukoleza rangi na ile ya manjano ya usiku, la sivyo ninahukumu rangi kwa miwani ya jua.

Nne, na hili ndilo la Leigh na Jansson. Kabla sijaposti, nalishika dera mlangoni, simu kando yake, natazama huku, natazama kule. Kisha nampa yule mama atazame. Nimejifunza kwamba yeye ndiye kipimo changu bora. Miaka yote Biashara Street, kabla hajalipia kitambaa, hukitoa nje ya duka akakione juani, kwa sababu anajua vitambaa viwili vyaweza kufanana chini ya taa ya duka na kuachana barabarani. Mimi nilidhani ni ushamba wa watu wazima. Kumbe ndicho kile kile wachoraji waliletwa Kenya kukifanya.

Mara nyingine bado hailingani. Kuna zambarau moja ambayo simu yangu hung'ang'ana kuiita buluu, nifanye nifanyavyo. Hiyo twaiandika kwa maneno chini ya picha: zambarau ya biringani, picha imeegemea buluu. Laiki zinapungua kidogo. Madera hayarudi na basi.

Lile la damu ya mzee tulilipiga upya. Picha ilitoka ya giza, tulivu, bila mbwembwe, na utepe wa dhahabu ukaonekana dhahabu badala ya njano. Ilikaa wiki mbili bila mtu kuuliza. Kisha dada mmoja wa Likoni akaandika kwamba anatafuta damu ya mzee, siyo nyekundu, na kila muuzaji anamwonyesha nyekundu. Akavuka feri, akaja hadi Majengo, akalishika, akatoka nalo mlangoni.

Akalitazama juani. Akatazama simu yake. Akalipa.